Gari Lisilokohoa

Wakazi wa nyumba za hospitali hawakumjua muuza maziwa wao kwa sura. Walimjua kwa bomba la moshi. Gari lake la zamani, pikapu yenye turubai nyuma, lilikuwa na bomba lililotoboka karibu na injini, na kila lilipoanza kupanda barabara ya kwanza lilikohoa mara mbili, likanyamaza, likakohoa tena. Aliyekuwa kitandani alisikia, akashusha miguu, akachukua jagi au sufuria na kwenda getini. Mama Maziwa alipofika alikuta chombo kimeshanyooshwa. Alipima, akamimina, akasonga mbele. Barabara zote nne zilikwisha kabla maziwa hayajapata joto.

Gari waliliita Kikohozi. Yeye mwenyewe hakuona ni jina la maana. Alichokiona ni kwamba Kikohozi lilikunywa mafuta kama mgeni asiyelipa, na kwamba bei ya mafuta ilipanda kila alipoizoea ile ya jana. Mume wake, mtunza stoo wa shule, alikuwa amesoma mahali kwamba magari ya umeme yaliyotumika yameanza kupatikana kwa bei ya mtu wa kawaida. Wifi yake, dada wa mume, ambaye anaishi nao na ndiye anayeosha madumu na kuchemsha vyombo, alisema rahisi ni ghali. Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa wifi husema hivyo hata kwenye nyanya.

Kule yadi ya kuuzia magari, yeye na mume walipokewa na mtu aliyevaa miwani ya jua ndani ya ofisi. Aliwaonyesha gari dogo jeupe, safi, mlango wa nyuma ukifunguka juu, nafasi ya madumu ikiwa ya kutosha. Aliwasha kioo cha dashibodi, ambacho maandishi yake yalikuwa ya lugha wasiyoijua, akawaonyesha kwa kidole mistari midogo upande wa kulia. Mistari hiyo, alisema, ndiyo afya ya betri, na mnaiona wenyewe ilivyojaa.

“Halina oili, halina plagi, halina mkanda,” alisema. “Dada, hata fundi wako atakusahau.”

Mama Maziwa aliuliza kuhusu tairi, breki, kadi ya gari, na kama maji ya mvua yatalidhuru. Hakuuliza kama linasikika. Hakuna mtu aliyewahi kununua gari akauliza hivyo. Ili kufikia bei, aliliuza Kikohozi kwa Bwana Mayai, mwanamume mpole wa mtaa wa pili anayesambaza mayai madukani.

Matatizo ya kwanza yalikuwa yale ambayo mtu anaweza kuyaeleza jirani akaeleweka. Gari na friji la maziwa havikuweza kula umeme pamoja. Cha pili kikianza, swichi kuu ilijizima na nyumba nzima ikabaki gizani. Soketi ya sebuleni ililainika ikanuka. Fundi umeme alikuja, akaitazama, akasema nyumba hii ilijengwa kwa ajili ya taa na pasi, kisha akavuta waya mnene wa gari pekee kutoka kwenye mita hadi kibarazani. Friji bado lilibidi lipumzike gari likichajiwa, kwa hiyo wifi akawa mlinzi wa zamu, anazima hiki, anawasha kile.

Halafu ikajulikana habari ya mistari. Gari lililosemwa linakwenda mji wa jirani na kurudi lilianza kuomba chaji baada ya mizunguko michache ya mtaani. Kwenye tambarare namba zilishuka taratibu. Kwenye kilima zilikimbia. Fundi aliyeelewa magari hayo alichomeka kifaa chini ya usukani, akasoma, akatikisa kichwa. Betri ilikuwa imechoka zamani, alisema, ila kabla ya kuuzwa mistari ilipakwa poda. Mume alirudi yadi na kukuta mwenye miwani amehamia biashara ya matofali. Hata hivyo, safari ya maziwa ilikuwa fupi. Kwenda, kuzunguka, kurudi, kuchaji: ilitosha, kwa shida. Mama Maziwa angeweza kuishi na hayo yote.

Ambalo hakuweza kuishi nalo ni mageti.

Asubuhi ya kwanza alipanda barabara ya kwanza na gari likateleza kimya, likitoa mlio mwembamba kama wa mbu aliye chumba kingine. Hakuna geti lililofunguka. Alisubiri. Taa ziliwaka jikoni mwa watu, zikazimika, watu wakatoka wamevaa sare za kazi wakiwa wamechelewa, wakamwona amesimama na dumu, wakamwambia, “Ah, leo umekuja? Kesho basi.” Alirudi na karibu yote aliyoondoka nayo.

Wifi aliyahesabu madumu kwa macho. “Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu,” alisema. “Sasa wifi yangu, huo mshindo umeusahau wapi?” Siku hiyo hiyo gari likapata jina: Bubu.

Alipiga honi. Siku ya pili ya honi, mwenyekiti wa wakazi, ambaye kazi yake ni kupiga picha za eksirei, alitoka na ndala akamweleza kwa adabu kwamba wauguzi wa zamu ya usiku ndiyo kwanza wanalala. Mama Maziwa alimkumbusha kwamba Kikohozi lilikuwa na kelele zaidi ya honi.

“Kile tulikizoea, mama,” mwenyekiti alisema. “Mtu huzoea mkoromo wa mumewe. Wa jirani hauzoei.”

Alituma ujumbe kwa simu. Waliusoma wakiwa kazini. Aligonga mageti moja moja. Kila geti lilimla muda, na alipofika barabara ya tatu maziwa yalikuwa na joto la mkono. Watu husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maziwa yake yalikuwa mazuri, na sasa yalikuwa yanajitembeza mlango kwa mlango kama mwombaji. Yaliyobaki waliyagandisha, wakayanywa wenyewe, wakawapa majirani, mpaka mume akaanza kula kazini.

Kisha wateja wakapungua hata wale wa kugongewa. Walisema kwa upole kwamba wameshanunua. Alidhani wanamkwepa, mpaka alipofika kwa muuguzi mstaafu wa barabara ya pili, mama ambaye hakuwahi kumficha mtu neno.

“Mwanangu, maziwa yako siku hizi mepesi,” alisema yule mama. “Nilitaka nikwambie wewe mwenyewe, maana yule kaka yako ana haraka, hasikilizi.”

“Kaka yangu yupi?”

“Si huyo anayekuja na gari lenu.”

Alimhoji hadi akaelewa. Habari yenyewe ilikuwa rahisi na hakuna aliyeifanya kwa makusudi, ndiyo maana ilimuuma zaidi. Bwana Mayai alipita barabara ya kwanza akipeleka mayai, Kikohozi likakohoa mara mbili, na watu wakatoka na majagi. Aliwaambia ana mayai tu. Walimcheka, wakarudi ndani na majagi matupu. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata. Mwisho mtu huyo mpole alitafuta dumu la maziwa sehemu, na kwa kuwa wanaotaka walikuwa wengi kuliko dumu, alilirefusha kwa maji. Hakusema yeye ni kaka wa mtu. Alipoitwa hivyo hakukataa.

Kwa hiyo Mama Maziwa hakuwa amepoteza wateja tu. Wateja waliamini bado wananunua kwake, na maji ya Bwana Mayai yalikuwa yanaingia kwenye jina lake.

Alimfuata kwenye stoo yake ya mayai. Bwana Mayai alimpa kiti, akamsikiliza hadi mwisho, akapanga trei moja juu ya nyingine.

“Dada, ulinikabidhi gari na kadi yake,” alisema. “Kuna mahali uliandika kikohozi hakimo?”

Mama Maziwa alimwambia yuko tayari kumnunulia bomba jipya na kulipa fundi, kama zawadi. Bwana Mayai alitabasamu kwa mara ya kwanza. “Mtu akikupa zawadi ya kukuziba mdomo, unapokea?” Kuhusu maji, alisema maziwa ya msimu wa mvua ndivyo yalivyo.

Aliporudi nyumbani aliongea peke yake hadi mume akazima redio ili asikie vizuri. Ni wifi aliyekata maneno. Gari bubu si halisikiki, alisema. Basi mfuate nyuma kama kivuli, yeye akohoe, wewe umimine.

Na ilifaa. Kwa asubuhi kadhaa Kikohozi lilitangulia likiamsha barabara, na Bubu likafuata karibu na mkia wake. Geti lilipofunguka Mama Maziwa alikuwa ameshashuka na kopo la kupimia, huku Bwana Mayai bado anapambana na kamba za turubai. Hakumsikia akija, na kioo chake cha pembeni kilivunjika tangu enzi za mwenye gari wa kwanza, yaani Mama Maziwa mwenyewe. Lakini mtu hawezi kuibiwa mdundo wake kila siku asigeuke nyuma. Aligeuka.

Tangu hapo hakuanza tena na nyumba za hospitali. Alianza kwa kuteremka hadi machimbo ya mawe, chini kabisa ya kilima, ambako hakuna wa kununua maziwa wala mayai, kisha akapanda na kuingia mtaani kwa barabara yoyote aliyopenda. Mama Maziwa hakuwa na budi kumfuata, la sivyo asingejua ataanzia wapi. Kuteremka hakukuwa na gharama. Gari la umeme likishuka hujirudishia chaji kidogo. Kupanda ndiko kulikouma. Siku ya kwanza alifika nyumbani na namba zilizobaki za kuhesabika kwa vidole. Siku ya pili, katikati ya kilima, kwenye dashibodi ikawaka taa yenye picha ya kobe. Ilikuwa alama pekee ya gari lile aliyoielewa bila kufundishwa. Gari likatambaa, likafika chini ya nyumba za kwanza, likasimama. Nyuma yake madumu yalikuwa yamejaa na jua lilikuwa linatoka.

Kikohozi lilisimama mbele. Bwana Mayai alishuka, akaja akiwa hajui aweke wapi mikono.

“Nilidhani utageuka,” alisema.

“Nigeuke wateja wangu niwaachie nani?”

Bwana Mayai alirudi kwenye gari lake. Akaleta kamba.

Fundi alikuwa amewaonya kwamba gari hilo halipendi kuvutwa; ikibidi, iwe karibu na iwe polepole sana. Mama Maziwa alimwambia hivyo kwa sauti ya mtu anayemeza dawa. Kwa hiyo Bwana Mayai aliweka gia namba moja na kupanda kilima akiwa na gari la pili mgongoni, na Kikohozi, ambalo kwa kawaida lilikohoa mara mbili, likakohoa bila kupumzika barabara nzima. Mageti yalifunguka yote kwa pamoja. Watu walitoka na majagi, na sufuria, wengine na vikombe, wakaona magari mawili yamefungwa kamba. Mashaka yoyote waliyokuwa nayo juu ya undugu yakaisha.

Muuguzi mstaafu alisimama katikati, penye kamba, na jagi lake. Aliuliza achukue ya mbele au ya nyuma.

Mama Maziwa alishuka. “Huyu si kaka yangu,” alisema, akipaza sauti ili injini isimmeze. “Maziwa ya mbele siyo yangu. Yana maji. Yangu ni haya.”

Bwana Mayai alitazama usukani. Hakukataa, kama ambavyo hakukataa mwanzo. Yule mama akazunguka kamba, akaja nyuma. Wengine wakamfuata. Barabara ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha, na kila geti ilibidi aseme upya maneno yale yale, na kila geti mtu aliitikia kwa kichwa. Madumu yakawa mepesi. Ilikuwa asubuhi yake nzuri kuliko zote tangu anunue gari, na aliipata akiwa anavutwa.

Mwenyekiti alitoka mwisho, na ndala zake. Alipokea maziwa, akashukuru, akatazama kamba.

“Sawa, mama, tumeelewa,” alisema. “Sasa kesho tutajuaje kama ni wewe?”

Mama Maziwa alifikiria honi, simu, kugonga. Vyote alikuwa ameshavijaribu mbele ya mtu huyu huyu. Alimgeukia Bwana Mayai, ambaye tangu kamba ifungwe hakuwa ameuza hata kikombe, akamweleza masharti palepale, watu wakisikia. Maziwa ni ya kwake, na anamimina kwa mkono wake. Bwana Mayai auze mayai. Mafuta watachangia nusu kwa nusu. Bwana Mayai alisema, “Sawa, dada,” na haikujulikana kama ni heshima au ni ule undugu.

Siku hizi Mama Maziwa anapanda Kikohozi upande wa abiria, dumu likiwa katikati ya magoti na trei za mayai zikitikisika mgongoni. Wateja wamerudi, na hakuna anayelalamika kuhusu maji. Analipia mafuta yale yale aliyoyakimbia, katika gari lile lile aliloliuza, na akichelewa kufunga mlango anaombwa na mwenye gari asiubamize.

Bubu lipo kibarazani chini ya bati, limechajiwa, safi, linauzwa. Wanunuzi huja. Wanakaa kwenye usukani, wanabonyeza kitufe, wanangoja, wanabonyeza tena. Kisha wanashusha kioo na kumwambia kwa huruma kwamba gari lake haliwaki.

“Limewaka,” huwajibu. “Liko hivyo hivyo.”