Siku Niliyogawa Diski Mbele ya Mama Mkwe

Mimi shule niliishia darasa la saba, na sioni haya kusema. Kompyuta nilijifundisha mwenyewe, kwa kufungua mbovu zilizotupwa kwenye ghala nilimokuwa nabeba mizigo, Hayes, huku ughaibuni. Leo nina duka langu la ufundi Thornton Heath, na Jumamosi foleni inafika nje. Ukiona foleni hiyo, ujue ni mimi.

Mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Moshi, kila jioni alitaka kitu kimoja tu: video ya sendofu ya mke wangu, ambamo marehemu baba mkwe anamuaga binti yake. Video hiyo ilikuwa kwenye laptop ya mke wangu, basi, hakuna nakala nyingine duniani. Na laptop imechoka. Betri imekufa, inaishi kwa waya wa ukutani, na diski nzima ni chumba kimoja: Windows na mambo ya familia yamelala pamoja. Windows ikifa, inaweza kuondoka na wenzake.

"Ngoja niigawe," nikamwambia mke wangu. "Windows ibaki upande wake, sisi tupate upande wetu."

"Umekopi kwanza pembeni?"

"Mke wangu, unaongea na fundi."

Akacheka, akaenda dukani. Nikaanza. Mafaili yakawa yanasogezwa kupisha upande mpya. Kazi hiyo umeme ukikatika katikati, mafaili yanabaki nusu huku nusu kule, na video ndiyo imekwenda.

Radi ikapiga.

Mama mkwe akainuka. Kwao radi ikipiga, kila kitu kinazimwa. Akazima TV, akazima birika, akaja kwenye soketi ya laptop.

Sasa niambie wewe: mama mkwe unamshika mkono? Unampazia sauti? Akili yangu huwa haichelewi. Nikateremka kwenye kiti, nikakaa sakafuni, nikaiziba soketi kwa mgongo.

Akanitazama. "Baba, mbona umekaa chini kama kuna msiba?"

"Mgongo, mama. Ukuta huu unanisaidia."

"Basi sogea kidogo nizime."

"Shikamoo, mama."

"Tuliamkiana asubuhi." Akainama kunichungulia. "Mgongo wenyewe unauma wapi? Nilete mafuta nikuchue?"

Mama mkwe anichue mgongo! Hapo nikaona heri ukweli.

"Mama, ni ile video ya baba. Naihamishia mahali salama. Umeme ukizimwa sasa hivi, inapotea."

Akavuta stuli, akakaa mbele yangu, akaigeukia laptop. Mke wangu aliporudi na kunyoosha mkono kuwasha birika, alipigiwa kelele: "Usiguse umeme! Baba yako yuko njiani!"

Tukakaa hivyo, watatu, bila chai, mpaka kazi ikaisha. Nikawasha laptop upya. Diski mbili, safi kabisa, kila moja na lake. Nikaifungua video upande wa familia, na baba mkwe akatokea na suti yake ya kijivu, kipaza sauti mkononi, akianza, "Binti yangu, leo unatoka nyumbani kwangu..."

Mama mkwe akawa anayatamka maneno pamoja naye, mengine akimtangulia. Mke wangu akafuta machozi.

"Mama, kumbe hotuba ya baba umeishika yote?"

"Nimeishika?" akasema, macho kwenye kioo. "Hotuba hiyo nilimtungia mimi. Nyamaza, sasa hivi anaruka sehemu nzuri."

Akairuka kweli. Tukaianza tena mwanzo.