Ndimu Ndani ya Bidoni

Juzi binti yangu alirudi na somo la kemia, akakamulia ndimu ndani ya kikombe cha maziwa. Yakakatika palepale. "Mama, ona, ni asidi njo inafanya vile." Hasira ilinipanda hadi mtoto akaogopa.

Nilipokuwa mtoto kule kwetu Mushaki, mchana mmoja wa mvua, maziwa yetu ya kuuza yalikatika ndani ya bidoni, dumu letu la plastiki. Papa alimgeukia rafiki yangu Furaha, mtoto wa jirani mkulima. Alikuwa amekula maharagi kwao kisha akanywa maziwa kwetu, na kwetu sisi wafugaji huo ulikuwa mwiko. "Njo wewe umeharibu maziwa. Toka, usirudie hapa tena." Furaha alienda akilia katika matope. Hakurudi.

Niliinamia bidoni. Ilitoa harufu kali ya kuchoma pua, nikadhani njo harufu ya mwiko.

Asubuhi ile Mama alikuwa ameisugua bidoni kwa ndimu ili iache kunuka, wala hakuisuuza. Alisimama pale, akasikia kila neno la Papa, akanyamaza. Alinipangusa machozi tu, na vidole vyake vilinuka ndimu.