Rasta ya Kumi na Moja

Nilipokuwa mtoto, usiku mmoja nilisikia sauti moja tu karibu na sikio langu la kushoto: kacha. Kisha kimya. Nikadhani ni panya, nikajifunika blanketi na kulala tena, maana katika nyumba yetu ya Kamembe panya walikuwa kama watu wa ukoo. Kesho yake ndipo nilipojua kwamba ule ulikuwa mkasi.

Kwanza niwaeleze kichwa changu. Nina nywele za kipilipili, zile ndogo na ngumu zinazojikunja hata kabla hujazigusa. Nilipokuwa na miaka mitatu niliugua kwa muda mrefu, hakuna aliyethubutu kunichana, na nilipopona nywele zilikuwa zimekwisha kujisokota zenyewe. Rasta kumi na moja, nyingine nene kama kidole gumba, nyingine nyembamba kama mkia wa panya. Maman, aliyekuwa akivuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza kila alfajiri kupeleka nyanya Bukavu, upande wa Kongo, alikuja na kitana. Koko, bibi yetu mzaa mama, alikichukua kile kitana, akakiweka juu ya kabati, akatoa hukumu.

"Hii manywele haiko ya huyu mutoto," alisema. "Mwenyewe alikuya nayo kutoka mbali. Mumuache."

Imani yake ilikuwa hivi. Nywele zinazojifunga bila mkono wa mtu ni za mtu wa ukoo aliyeondoka bila kuagwa. Amekuja kukaa kichwani mwa mtoto apumzike. Ukizikata hovyo, mtoto ataugua. Zitakatwa siku mwenyewe atakapoitwa kwa jina na kuombwa ruhusa, na wa kumwita ni yule aliyemzaa, si mwingine. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Sote tulijua mwenye nywele ni nani: kifungua mimba wa Koko, kijana aliyekuwa kwenye picha ndani ya Biblia yake, rasta zimemfika mabegani, anamchekea mtu ambaye picha haikumkamata. Jina lake halikutajwa nyumbani mwetu. Maman akimzungumzia alisema tu "ule", kama kusema yule. Koko hakumzungumzia kabisa.

Mimi nilifaidi. Mtoto mwenye mgeni kichwani hachapwi, maana huwezi kujua unamchapa nani. Kuku akichinjwa, paja lilikuja kwangu. Kila Jumapili baada ya misa Koko aliniosha nywele kwa sabuni ya mche, akazianika kwa jua, akazitenganisha mizizi kwa vidole ili zisigeuke kuwa mkeka mmoja, akazihesabu. Hakuzisokota, hakuzipaka kitu. Leo nina rasta tena, na mtu akiniuliza ni saluni gani imenitengeneza, sina jibu zaidi ya hayo: sabuni, jua, vidole, na kuziacha.

Aliyeumia ni dada yangu Furaha, aliyenizidi miaka miwili. Yeye alirithi nywele za baba, laini, zenye mawimbi mapana, zile ambazo wanawake wa sokoni walizishika na kuguna kwa wivu. Yeye alitaka zangu. Aliacha kuchana wiki nzima. Nywele zikavimba tu, na mvua moja ikazilaza. Alizisokota kwa sabuni, zikafunguka usiku. Mwishowe akapaka asali, na asubuhi sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka dirishani hadi kwenye mto wake. Akalia kwamba hata mizimu ina ubaguzi.

Kisha ikaja shule. Nilikuwa na miaka saba, na mwaka uliotangulia nilikuwa nimerudishwa mlangoni kwa sababu ya nywele. Safari hii mkurugenzi wa shule alimwambia Maman kwamba nikifika Jumatatu bila kunyolewa, nafasi yangu atapewa mwingine. Nilikuwa nimekwisha kufunika daftari langu kwa karatasi ya gazeti. Nilitaka kwenda shule kuliko nilivyotaka paja la kuku, na kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa.

Maman alimwambia Koko kwamba mtoto anasoma kwa akili, si kwa nywele. Koko akajibu kwamba basi mkurugenzi aangalie akili, nywele aziache. Wakabishana hadi ugali ukaganda.

Maman alikuwa mkristo wa kiti cha mbele, na mizimu aliicheka mchana. Jumamosi ile usiku akaamua kufanya jaribio. Akakata rasta moja, ya nyuma ya sikio, akaificha mfukoni mwa kikoti chake cha sokoni. Nikiamka mzima na kushinda mzima, Jumapili jioni angemaliza zilizobaki. Hakujua kwamba Furaha alikuwa macho.

Jumapili, Koko alinikalisha kwenye beseni, akaniosha, akahesabu. Kumi. Akahesabu tena kuanzia upande mwingine. Kumi. Maman aligeuka ghafla kuwa mpishi hodari. Akainamia sufuria ya maharage akikoroga kitu kisichohitaji kukorogwa. Nami, niliposikia ni kumi, nikaanza kuugua papo hapo. Tumbo likauma, nikahisi homa inapanda kutoka kwenye beseni. Maman akanishika paji la uso kwa mkono wenye mwiko, na nikaona yule mkristo wa kiti cha mbele akipiga ishara ya msalaba.

Hapo Furaha akatoka chumbani.

Alikuwa amejifunga rasta yangu katikati ya paji la uso kwa uzi wa wavu ambao wavuvi wa kisiwa cha Nkombo walimpa achezee. Ilining'inia hadi puani, na kila akipumua ilitikisika. Alikuwa amefumba macho nusu. Sauti aliyotoa ilikuwa nzito, ya mtu aliyekula mchanga.

"Nilihama," alisema. "Ule mudogo anipeleka ku masomo, mi sipendi. Sasa niko huku. Leteni paja ya kuku."

Maman alikaa chini kwenye gunia la nyanya. Zilipasuka, hakusikia.

Koko hakukaa. Alijifuta mikono kwa kitenge, polepole, akamsogelea Furaha. Kisha akazungumza naye kwa heshima, kama na mgeni aliyetoka safari, akimwita papa kama tunavyowaita wanaume.

"Karibu, papa. Kuku iko. Lakini muntu akirudi kwa mama yake, anasema jina. Sema yako."

Furaha hakulijua. Hakuna mtoto aliyelijua. Nikaona macho yake yakizunguka nyuma ya kope, yakipekua kila alichofundishwa kwenye katekisimu.

"Petro," alisema.

"Hapana."

"Andrea. Yakobo." Sauti nzito ilianza kumpotea. "Yohana. Toma."

"Hapana, papa."

Akawamaliza mitume mmoja baada ya mwingine, rasta ikitikisika, jasho likimtiririka, mpaka akabakiwa na mmoja. Akanong'ona kwa sauti yake mwenyewe ya mtoto: "Yuda?"

Koko alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka namna ile; alishika ukuta. Maman akacheka kwenye nyanya zake, nami kwenye beseni, tumbo limepona. Kisha kicheko cha Koko kikageuka kilio.

Nilipokua, Maman alinisimulia. Zamani, wakiwa Bukavu, Koko aliona haya kanisani kwa ajili ya nywele za mwanawe. Akazikata kijana akiwa usingizini. Asubuhi kijana alijipapasa kichwa, akachukua begi, akaondoka, na habari zake hazikufika tena. Nimewaza sana juu ya mwanamke aliyekata mara moja bila kuuliza, kisha akatumia miaka minne kuosha rasta kumi na moja kila Jumapili, akizihesabu zisipungue. Jumatatu ile niliingia darasani na kichwa kinachong'aa. Furaha sasa ana rasta zake mwenyewe. Nywele zake laini zilimchukua miaka mitatu kushikana, bila asali, na bado ananionea wivu. Zangu sijui ni za nani. Naziosha na kuziacha.

Jumapili ile, kilio kilipotulia, Koko alimfungua Furaha ule uzi, akailaza rasta kwenye kiganja chake. Akamwomba Maman mkasi. Alipiga magoti mbele ya beseni, uso wake ukawa usawa mmoja na wangu, lakini macho yake yalitazama juu kidogo, pale nywele zinapoanzia.

"Nikuombe ruhusa, mutoto yangu," alisema. "Ile siku sikukuomba." Kisha akalitaja lile jina: "Murhula."