Mtetemo Mgongoni Mwangu

Mdogo wangu alipozaliwa nilikuwa na miaka kumi na minne. Mimi ndiye kifungua mimba na yeye ndiye kitinda mimba, kwa hiyo nilikabidhiwa yeye kama mtu anavyokabidhiwa kazi. Mama akikamua, nilimbeba. Mama akienda kuteka maji, nilimbeba. Nilimfunga kwa leso, kifua chake kikanigusa katikati ya mabega, na hapo kilipogusa palikuwa na mtetemo. Hayakuwa mapigo ya moyo, mapigo niliyajua. Huu ulikuwa mtetemo mwembamba usiokatika, kama wa paka anayekunwa shingo. Niliupenda mno. Nilidhani watoto wachanga wote wanao na kwamba unaisha wenyewe mtoto akikua, kama utosi unavyojifunga. Sikumwambia mtu, kwa sababu hakuna anayetangaza jambo ambalo anaamini kila mtu analijua.

Sisi ni wafugaji, na nyumba yetu iko mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Garsen. Aba, yaani baba yetu, anajulikana pande zote hizo kwa jicho lake. Hutazama ng'ombe mara moja tu, akaangalia nundu, akaangalia lile bonde kando ya nyonga, kisha akakwambia mnyama huyo amekula nini, amekunywa lini na kama ataifikia mvua ijayo. Watu humwita kabla ya kununua fahali. Simsifu kwa sababu ni baba yangu. Ni mtu mgumu, na tumegombana kuliko watoto wake wengine wote, lakini kwa jicho lile hana mpinzani.

Kwa mdogo wangu, jicho hilo halikuwa na furaha. Mtoto alikuwa mwembamba tangu mwanzo. Akinyonya alitoka jasho kichwani mpaka nywele zikalowa, akaachia ziwa apumzike, akarudi, akaachia tena. Kila mvua ilipokuja alipata kikohozi, tukampeleka zahanati, akapewa dawa ya kikohozi, tukarudi. Alipoanza kutembea alikuwa akichuchumaa njiani kila baada ya hatua chache huku wenzake wakikimbia mbele. Sisi tulisema ni mvivu. Mimi mwenyewe nilimtania hivyo, nikampa jina la bibi kizee, naye akacheka, kwa kuwa alikuwa mtoto wa kucheka.

Alipofika miaka sita, akanenepa.

Ilitokea kwa wiki chache tu. Mashavu yalijaa, miguu ikawa ya mviringo, tumbo likatuna. Nilikuwa nimemaliza chuo Hola na kurudi nyumbani kusubiri kazi ya ualimu, na nakumbuka jinsi Aba alivyorudi kutoka malishoni, akasimama mlangoni, akamtazama binti yake kutoka juu mpaka chini kama anavyotazama mitamba. Alisema mashaallah mara tatu. Jioni hiyo alichinja mbuzi, naye si mtu wa kuchinja ovyo. Mama peke yake hakufurahi. Aliniambia kando kwamba mtoto hapati usingizi akilala chali, anataka kuegemezwa ukutani akiwa ameketi. Asubuhi yake nilimbeba mpaka Garsen.

Daktari tuliyemkuta alikuwa mama mmoja Mpokomo, mzaliwa wa Chara, mfupi, mwenye sauti ya chini. Hakuanza na kifaa chake cha kusikilizia. Alianza kwa kuweka kiganja kifuani mwa mtoto, akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha akabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, juu ya mfupa, akaondoa kidole. Kishimo kilibaki palepale, kama kwenye udongo wa mfinyanzi. Nilikitazama kikikawia kujaa.

Ndipo akauchukua mkono wangu na kuuweka kifuani mwa mdogo wangu.

"Hiki unakijua?" akaniuliza.

Nilimwambia ndiyo, nakijua tangu alipokuwa wa siku chache. Nikaongeza, kwa ujuaji wangu, kwamba watoto wote wanacho.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Hawana."

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Miaka sita. Nilikuwa nimeibeba dalili ya ugonjwa ule mgongoni kwangu, nikaiimbia, nikaitumia kujibembeleza. Hakuna aliyenilaumu wakati ule wala baadaye, na hilo halijanisaidia sana.

Daktari alinieleza kwamba mtetemo ule ni damu inayopita kwa nguvu kwenye tundu ambalo halikupaswa kuwapo, ndani ya moyo, na kwamba mtoto alizaliwa nalo. Moyo ulikuwa umefanya kazi ya ziada miaka yote hiyo na sasa ulikuwa unashindwa. Unene ule ulikuwa maji. Alitupa dawa ya moyo na nyingine ya kumfanya akojoe, akasema tupunguze chumvi, akaandika barua ya kwenda Mombasa kwenye hospitali kubwa ambako mioyo ya watoto hupigwa picha na kushonwa. Alisisitiza kwamba mtoto asipofika huko akiwa na nguvu, hataweza kupasuliwa.

Dawa ilifanya kazi. Mtoto alikojoa mpaka akaona aibu. Wiki haijaisha, mashavu yalikuwa yamekwenda, miguu imekuwa vijiti, mbavu zinahesabika, lakini alikuwa analala chali na kuamka akitaka uji. Aba alikuwa malishoni siku hizo. Aliporudi na kumwona, uso wake ulibadilika. Nilimweleza yote niliyoambiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba katika maisha yake hajaona dawa ya kweli inayomwacha mnyama mifupa mitupu. Alichukua chupa na vidonge, akavifungia kwenye sanduku lake, akaagiza mtoto apewe maziwa, samli, na mchuzi wa mbuzi uliokolea chumvi.

Nilimpigia kelele. Binti wa kwetu hampigii baba yake kelele, nami nilimpigia, na mama akanivuta nje kwa mkono.  Aba hakuwa mkatili, naomba hilo lieleweke. Alikuwa mtu anayejaribu kumwokoa mwanawe kwa elimu pekee aliyokuwa nayo, na elimu hiyo haikuwa imewahi kumwangusha.

Siku ya nne mtoto akaanza kujaa tena, na Aba akatikisa kichwa kwa kuridhika. Siku ya nane hakuweza kumaliza kikombe cha maziwa bila kupumzika mara tatu. Midomo ilikuwa imefifia rangi. Aliketi akihema, mabega yakipanda na kushuka, akamtazama baba yake kana kwamba anamwomba radhi. Aba alilifungua sanduku mwenyewe. Alitia dawa mfukoni, akambeba mtoto, akashika njia ya Garsen bila kuniambia nimfuate. Nilimfuata.

Nilitarajia daktari amgombeze. Nilitamani amgombeze. Badala yake, mtoto alipokwisha kuchomwa sindano na kuwekwa kitandani akipumua kwa unafuu, yule mama alivuta kiti akakaa karibu na Aba, akamuuliza habari za mifugo. Akamuuliza kama kwetu wapo ng'ombe wanaopata uvimbe chini ya taya, hasa wale wanaolisha kwenye majimaji.

Aba alisema wapo.

"Ukimwona ng'ombe kama huyo, mzee, unasema amenona?"

 Nilimwona Aba akielewa, niliona jambo likimfikia kidogo kidogo, usoni kwanza, kisha mikononi.

"Hapana," akasema. "Hiyo si mafuta. Hiyo ni maji." Akageuka kumtazama mtoto. "Mimi naangalia ng'ombe sana. Mtoto sikuangalia."

Daktari hakumwacha na maneno hayo. Alinituma kwa muuza nyama sokoni nikalete moyo wa fahali, mzima. Niliporudi alikuwa ametandaza gazeti kwenye meza ya barazani. Aba alinawa mikono kama mtu anayejiandaa kwa chakula. Alikuwa amechinja wanyama wasio na idadi, na kila mara moyo ulikatwakatwa ukaingia chunguni. Hakuwa amewahi kuuchungulia ndani. Daktari aliupasua polepole, akatuonyesha vyumba vinne, upande wa kulia wenye ukuta mwembamba kwa sababu unasukuma damu hapa jirani tu, kwenye mapafu, na upande wa kushoto wenye ukuta mnene kwa sababu unasukuma mpaka kwenye kwato. Alituonyesha nyuzi nyeupe zinazoshika milango isipinduke. Aba alizigusa kwa ncha ya kidole, moja moja. Nilimsikia akimtaja Mungu kwa sauti ya chini.

Kisha daktari akashika ule ukuta unaotenganisha pande mbili na kuutoboa kwa ncha ya kisu. Tundu halikuzidi ukucha wangu wa kidole kidogo. Akamimina maji upande wa kushoto, nayo yakatokea upande wa kulia. Alisema ndivyo ilivyo kwa mtoto huyu kila moyo unapopiga. Damu iliyotakiwa kwenda mwilini inarudi kwenye mapafu, mapafu yanafurika, moyo unasukuma damu ileile mara mbili, unachoka, na maji yanatafuta pa kukaa, kwenye ini, kwenye miguu, kwenye mashavu. Aba alichukua birika akamimina maji yeye mwenyewe. Akamimina tena. Sijamwona mtu mzima akinyamaza hivyo mbele ya kitu ambacho amekila maisha yake yote.

Kuanzia siku ile yeye ndiye aliyetoa dawa. Kila asubuhi, kabla ya kufungua zizi, alimnyanyua mtoto kwa mikono miwili, akampima kwa kumtikisa kidogo, akamrudisha chini, akabonyeza mguu kwa kidole gumba na kungoja. Baadhi ya asubuhi alisema maji yameongezeka, nasi tukampeleka Garsen, na mizani ya daktari ikasema alivyosema yeye. Daktari akawa anamuuliza kabla ya kupima. Nilizoea kugombana na jicho lile. Sasa nilikuwa ninalitegemea.

Kwa njia hiyo mtoto alivuka miezi mitano ya kungoja. Mombasa walimpaka mafuta kifuani, wakapitisha kifaa, na moyo wake ukatokea kwenye skrini, ukifungua na kufunga milango yake midogo, damu ikionyeshwa kwa rangi. Katikati palikuwa na ulimi wa rangi ukichomoza mahali pasipo mlango. Mimi na Aba tuliutambua kwa pamoja, bila kuonyeshwa. Huo ndio uliokuwa ukinitetemesha mgongo.

Daktari wa upasuaji alitueleza kwamba ili kushona kiraka pale, ni lazima moyo usimamishwe. Mashine ingepokea damu, kuitia hewa na kuirudisha mwilini mpaka kazi iishe. Aba aliomba arudiwe maneno hayo. Kisha akauliza swali ambalo bado linanisumbua.

"Moyo ikisimama, mtoto yangu iko wapi?"

Yule daktari alikuwa kijana, na nilidhani atatabasamu. Hakutabasamu. Alifikiri.

"Yuko palepale, mzee," akasema. "Lakini hata mimi ninayefanya kazi hii, kila siku najiuliza swali hilo."

Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka baada ya adhuhuri. Aba hakula, hakuegemea ukuta. Nilijua kwamba mahali fulani nyuma ya milango ile moyo wa mdogo wangu ulikuwa umetulia mkononi mwa mtu, bila kupiga, na kwamba huenda ukakataa kuanza tena. Niliogopa, na ndani ya hofu hiyo palikuwa na kitu kingine kikubwa kuliko mimi, kitu cha kumfanya mtu ainamishe kichwa. Walipotoka kutuambia kwamba umeanza, umeanza wenyewe walipoupa joto, Aba alisujudu palepale kwenye sakafu ya korido, watu wakampisha.

Hayo yalikuwa mwaka juzi. Bado tunampeleka kuangaliwa, na kovu lake anawaonyesha watu hata bila kuombwa.

Miezi minne baada ya upasuaji tulikuwa tukirudi nyumbani kutoka kliniki ya Garsen, sisi watatu, na njia ilikuwa imejaa matope. Mdogo wangu alikuwa na miaka saba, na alisema wazi kwamba yeye si mtoto mchanga, lakini viatu vyake vilikuwa vipya. Niliinama, akapanda. Kifua chake kikanigusa katikati ya mabega. Nilipiga hatua chache, kisha nikasimama. Nilikuwa ninangojea.

Hapakuwa na kitu. Palikuwa na mapigo tu, moja, na jingine, na jingine, na katikati yake kimya. Machozi yalinitoka nikiwa nimesimama kwenye matope, na sitaficha kwamba kidogo nililia kwa sababu ule mtetemo nilikuwa nimeuzoea.

Aba alinifikia kutoka nyuma, akauliza kama amekuwa mzito. Nilimwambia ndiyo, amekuwa mzito kweli.

Aliutazama mguu uliokuwa ukining'inia ubavuni mwangu. Akaubonyeza kwa kidole gumba, juu ya mfupa, akahesabu kimoyomoyo kama alivyofundishwa, akaondoa kidole. Ngozi ikarudi papo hapo.

"Nyama," akasema.

Akatupita, akatangulia mbele kwenye matope.