Neno Asilolitamka Fundi Peku

Saa mbili na robo asubuhi. Fundi Peku anavua kiatu cha kulia, anavua na soksi, anaviweka juu ya ndoo iliyofunikwa. Kisha anaingia kwenye gari la mteja na kukanyaga breki kwa mguu mtupu. Amefumba macho. Karakana nzima inamtazama.

"Laini," anasema. "Inazama kama godoro la wageni."

Mwenye gari ni mkunga anayewatembelea wajawazito majumbani. Anatazama saa. Chini ya mteremko kuna mama anayemsubiri, na siku zake zimetimia.

"Fundi, nikikanyaga mara mbili inashika. Niambie tu kama itanifikisha."

 Fundi Peku anashuka na kuokota spana.

Ni mama wa miaka hamsini na mbili, mwembamba, mwenye ulimi mkali na mikono ambayo sabuni ilishakata tamaa nayo. Anatengeneza breki kwa mwaka wa ishirini na nne sasa. Injini hagusi. "Injini ikikataa, utafika kwa miguu," anasema. "Breki ikikataa, utafika umebebwa."

Jina la Peku alibandikwa na mafundi wenzake kwa kumcheka. Siku hizi wakikwama wanamwita haohao, na yeye haachi kuwakumbusha.

"Kiatu kinadanganya," anaeleza. "Soli inameza habari. Unyayo hauwezi kunyamaza."

Gari la leo ni la umeme, na hapo ndipo kazi ilipo. "Hizi nilikuwa nazikimbia. Mimi nimezoea gari inayolalamika. Hii inaumwa kimyakimya, kama mtu mwenye heshima zake." Chini ya boneti kuna waya nene za rangi ya machungwa. Hizo anazipita mbali. Ni za umeme mkali na hazina mchezo.

Maelezo ya mkunga nayo ni fumbo tupu: jioni gari linasimama vizuri, lakini asubuhi, akishuka mteremko wa kwao, pedali inazama.

"Dada, gari gani hiyo?" inauliza sauti kutoka kiti cha dereva. "Ikilala inasahau breki?"

Ni mdogo wake wa kiume, ambaye hapa anaitwa Kanyaga, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake: dada akiwa chini kwenye gurudumu, yeye anakanyaga pedali. Ana mguu mmoja, wa kulia. Gongo lake limeegemea mlango.

Fundi Peku hacheki. Anamgeukia mkunga. "Unaichaji wapi?"

"Nyumbani. Usiku kucha, mpaka inajaa pomoni."

"Basi! Fumbo limefumbuka."

Gari la umeme, anaeleza, ukiondoa mguu kwenye mafuta (bado anaita mafuta, msimcheke), mota yenyewe inalivuta nyuma na kurudisha umeme kwenye betri. Betri ikijaa, umeme huo hauna pa kwenda, kwa hiyo mota haisaidii. Mzigo wote unaangukia breki.

"Kwa hiyo breki ni mbovu asubuhi na jioni. Jioni mota inaifichia aibu."

Chanzo nacho kinajulikana haraka. Wiki mbili zilizopita, karakana nyingine ilibadilisha kalipa, kibanio cha diski ya breki, kwenye gurudumu la mbele. Hewa, ambayo mafundi huiita upepo, ikaingia kwenye paipu. Mafuta ya breki hayabonyei, upepo unabonyea. Nguvu ya mguu inaishia kuubana huo badala ya kubana diski.

Analala kwenye kipande cha boksi, anachomeka mpira mwembamba kama mrija kwenye skrubu ya kutolea upepo ya gurudumu la kwanza.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia!"

"Nimeshikilia, dada, usije ukaenda kunywa chai."

"Achia!"

Mapovu yanatoka kwenye mpira. Wanakwenda hivyo magurudumu yote manne. Mkunga anajaribu, uso unamng'aa. "Iko sawa!"

Fundi Peku anavua kiatu tena. Anakaa na ile pedali muda mrefu.

"Bado."

"Jamani, fundi! Mtoto hangoji. Itanifikisha au haitanifikisha?"

Kanyaga anatazama gongo lake. Mkunga, kwa hasira, anampigia simu mwenzake atangulie kwa yule mama.

Pembeni, kwa sauti ya chini, Fundi Peku anamweleza mwandishi wa makala haya. Miaka kumi na saba iliyopita mdogo wake alikuja na pikapu iliyojaa saruji. Pedali ilikuwa laini kidogo tu. Foleni ya wateja ilikuwa ndefu.

"Nikamwambia, nenda, itakufikisha. Kwa mdomo wangu huu." Anaufuta mdomo kwa kiganja chenye grisi. "Haikumfikisha. Tangu siku hiyo neno hilo silisemi. Mteja anaweza kunitukana, silisemi."

Tatizo ni kwamba leo mbinu zake zimemwishia, na anakiri. Upepo uliobaki umejificha ndani ya sanduku dogo la vali, lile linalozuia tairi kujifunga ghafla, na vali hizo hazifunguki kwa kukanyaga. Zinatii kompyuta tu. Miezi miwili nyuma alipambana na breki kama hii siku nzima, akidhani ni ubishi. "Nilitoa upepo mpaka Kanyaga akavimba goti. Kiburi changu."

Leo anavuka barabara na kumwomba jirani, fundi wa umeme wa magari, mashine yake ya kuamuru kompyuta ya gari. Inachomekwa chini ya usukani. Gari lile la kimya linakoroma, grrr, grrr, vali zikifunguka na kujifunga. Kanyaga anakanyaga. Kwenye mpira yanatokea mapovu madogomadogo, mengi, kisha mafuta safi matupu.

Kiatu kinavuliwa kwa mara ya tatu. Anakanyaga mara moja tu, na macho yanafumbuka yenyewe.

Wanalijaribu kwenye mteremko mara nne. Mkunga anakaa kwenye usukani, simu mkononi: yule mama bado hajajifungua. Anauliza tena, safari hii kwa upole. "Fundi, itanifikisha?"

Fundi Peku anafungua mdomo. Hakitoki kitu.

"Itakufikisha," anasema Kanyaga. "Nimeikanyaga mwenyewe. Nenda, mama."

Gari linaondoka bila sauti. Dada anabaki amesimama, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna, machozi yanamtoka na hayafichi.

"Mimi neno lile nililitua siku nyingi, dada," anasema mdogo wake. "Wewe ndiye unayelibeba."

Mwandishi anamuuliza Fundi Peku mipango yake. Anataka mashine yake mwenyewe kabla mwaka haujaisha, na tayari ana daftari la kujifunzia magari ya umeme, kurasa kumi na moja zimejaa.

"Na lile neno?"

Anavaa soksi taratibu, kisha kiatu, anafunga kamba.

"Nalo," anasema. "Nitajifunza."