Sayari Nyuma ya Leso

Habari ilinifikia nikinywa chai ya asubuhi, mwishoni mwa mwaka wa tisini na tano. Redio ilisema wataalamu wamegundua sayari inayoizunguka nyota ya mbali, nyota ya namna ya jua letu. Niliweka kikombe chini nikasikiliza mpaka msomaji alipoingia habari za mpira.

Nilikuwa nafundisha fizikia katika shule ya wasichana Changamwe tangu miaka ya themanini, na kila mwaka hakukosekana mwanafunzi wa kuniuliza kama iko dunia nyingine huko juu. Jibu langu lilikuwa moja: "Haijaonekana. Lakini jua ni nyota kama nyota nyingine, na sioni kwa nini liwe ndilo pekee lenye watoto." Baadhi ya walimu wenzangu walinicheka. Asubuhi ile nilikwenda shule kama mtu aliyeshinda kesi.

Kutoka darasani kwetu tuliuona mnara wa kiwanda cha kusafisha mafuta, na juu yake ule mwali wa gesi usiozimika. Niliwaita kidato cha tatu dirishani.

"Nzi akipita kando ya mwali ule, mtamwona?"

"Hatumwoni, mwalimu."

"Basi nyota ni mwali, sayari ni nzi. Hawa wataalamu nao hawakumwona nzi. Wamejuaje kuwa yupo?"

Niliwatoa uwanjani, nikamwomba mwalimu wa michezo anisaidie. Alikuwa mama mrefu, mwenye mwili, aliyetupa tufe ujanani mwake. Wasichana wawili walipanda juu ya viti wakatandaza leso ya kujifunga mbele yake, mpaka darasa likawa laona kichwa chake tu.

"Zunguka papo hapo ulipo," nilimwambia. Akazunguka, na kichwa kikatulia mahali pamoja.

Kisha nikamchagua msichana mmoja mfupi, aingie nyuma ya leso, washikane mikono na wazunguke pamoja wakivutana. Huyo msichana hakuonekana hata unywele. Lakini kichwa cha mwalimu sasa kilikwenda kushoto, kikarudi kulia, kikaenda tena kushoto. Darasa zima likaguna. Nikamtoa yule, nikamwingiza mwenzake wa kimo kile kile ila mnene zaidi, na kichwa kikayumba mara mbili ya hapo. Mwalimu wa michezo aliomba apumzike.

"Nyota yayumba," niliwaambia, "kwa sababu kuna kitu chaivuta. Kadiri inavyoyumba, ndivyo tunavyojua uzito wa asiyeonekana."

Yule msichana mfupi alikuwa hajarudi kwenye mstari. Alikuwa binti ya maalim wa madrasa moja hapo mtaani, mtoto asiyesema ila akiulizwa. Siku hiyo alisema mwenyewe.

"Mwalimu, nilipokuwa ndani, hata mimi nilimvuta. Mdogo pia huvuta. Ni macho ya wenzangu tu yangeshindwa kuona, lau ningekuwa mwepesi zaidi."

Nilimwambia amesema jambo ambalo watu wazima walikuwa wakihangaika nalo wakati ule ule.

Juma lile baba yake akaja shuleni. Alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, akangoja nje ya chumba cha walimu mpaka nilipotoka.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa sababu ya huyu binti. Nilikuwa nimemchagulia sayansi kimu, ajifunze mambo ya nyumba. Sasa asema ataendelea na fizikia, na asema mmepata dunia nyingine. Imeonekana?"

"Haijaonekana, maalim. Imejulikana kwa athari yake."

"Athari," akasema. "Hilo nalielewa. Nasi Muumba twamjua kwa athari zake. Haya, hiyo dunia yafanana na hii yetu?"

"La. Ni kubwa mno, na iko karibu sana na jua lake. Mwaka wake haufiki hata juma moja. Ni moto mtupu, hakuna awezaye kuishi."

"Sasa mwafurahia nini?"

Lilikuwa swali zuri, na nilifurahi kuulizwa. Nikamwambia kilichopatikana hasa ni njia. Sayari kubwa imejulikana kwanza kwa sababu ndiyo iyumbishayo nyota zaidi. Vyombo vikizidi kuwa makini, sayari ndogo nazo zitajulikana, na katika hizo ndogo ndimo itakamopatikana dunia ya mfano wa hii. Nikaongeza, "Binti yako aliliona hilo kabla sijalisema."

Maalim akasema, "Alhamisi baada ya alasiri, njoo madrasani. Nataka kuona hiyo leso."

Nilikwenda na mwalimu wa michezo, ambaye alikuwa Mkristo wa kutoka bara na alikuwa na wasiwasi wa jinsi atakavyopokewa. Alipokewa kwa maji ya tende na mkeka mpya. Kina mama walijaa uani pamoja na watoto wao. Leso ilitandazwa tena, na msichana ndiye aliyeeleza yote, mwali na nzi na kuyumba, sauti yake ikizidi kupanda kadiri alivyoendelea. Mama mmoja akamuuliza kama huko kuna watu.

"Hatujui bado," alijibu. "Mtu hutafuta nyumba kwanza, halafu ndipo abishe hodi."

Kina mama walicheka, na baba yake akacheka nao, kisha akainamisha uso kuficha kwamba ameona fahari. Jumatatu yake msichana alikaa kiti cha mbele katika darasa la fizikia, wala hapakuwa na mazungumzo tena ya sayansi kimu.

Alifaulu, akaenda chuo kikuu. Kufikia mwisho wa miaka ya tisini sayari za mbali zilikuwa zimejulikana nyingi, zote au karibu zote kubwa, na baadhi ya watu walianza kusema labda ndogo kama yetu hazipo. Likizo moja nilimkuta sokoni Magongo akichagua nyanya, nikamuuliza naye aonaje.

"Zipo, mwalimu," alisema, bila hata kuacha kuchagua. "Ni vyombo tu vinavyosumbua, na uundaji wake ndio ninaosomea."