Taka Zilizooshwa kwa Ajili ya Mgeni

Kisiwa kizima kilimwita Bi Kilo, na jina lenyewe lilimkaa. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amesimama langoni mwa jaa, akipima kila mkokoteni wa taka unaoingia, na hakuwahi kumwongezea wala kumpunguzia mtu hata gramu moja. Mumewe alipomshauri siku moja akadirie tu kwa macho, alimjibu kwamba macho yake ameyaweka kwa ajili ya mapenzi.

Mhandisi alipokuja kupima kama kisiwa kinafaa kujengewa mtambo mdogo wa kuchoma taka na kuzalisha umeme, Bi Kilo alifurahi, lakini kwa wasiwasi. Binti yake wa mwisho alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilitegemea jenereta la kisiwa, ambalo liliwashwa jioni kwa saa nne tu. Wateja walichoka kungoja nguo. Binti alikuwa ameshapata chumba ng'ambo, na alisema waziwazi kwamba mtambo usipokuja, mwisho wa mwezi anaondoka.

Mhandisi alijifungia kwenye kibanda cha mizani na oveni yake ndogo. Alipima kilo moja ya taka, akaikausha, akaipima tena. Siku ya nne alitoka akitikisa kichwa.

"Mama, zaidi ya nusu ni maji. Mtambo gani utachoma supu? Na mvua haijanyesha mwezi mzima! Kesho naandika kwamba haifai."

Bi Kilo aliinamisha uso, kwa sababu yeye alijua maji yametoka wapi. Kipaza sauti kilipotangaza kwamba mgeni anakuja kutazama taka za kila nyumba, mama mkwe wake alikuwa wa kwanza kushika beseni. "Mgeni akute makopo yetu yananata? Atasema sisi watu gani?" Kesho yake mtaa mzima ulikuwa unasuuza mifuko, unasugua maboksi kwa sabuni, unaosha hata maganda. Na Bi Kilo mwenyewe, mtu wa vipimo, aliziosha zake mara mbili.

Angeweza kunyamaza. Aliona aibu hasa, aibu ya kumchoma masikio.

"Mwanangu, usiandike," alisema. "Taka tumeziosha."

"Mmeziosha?"

"Kwa sabuni. Tuliona vibaya uzikute chafu."

Mhandisi alicheka mpaka akaegemea mizani, nayo ikasoma kilo sitini na nne. Alipopata pumzi alimpa siku nne nyingine.

Jioni hiyo Bi Kilo alipita nyumba hadi nyumba akiwaomba watu watoe uchafu ulio mchafu. Walimcheka, wakakubali. Kazi ilikuwa kwa mama mkwe.

"Miaka sabini na tano nafundisha watu usafi, leo mke wa mwanangu ananiambia niwe mchafu?"

"Siku nne tu, mama. Kwa ajili ya mjukuu wako."

Bibi kizee aliguna, akalisukuma beseni chini ya kitanda kwa mguu, kama anayemfukuza paka.

Siku ya nne mhandisi alitoka kibandani akitabasamu. Taka zilikuwa kavu vya kutosha, na angependekeza mtambo ujengwe. "Ila msitarajie kesho, mama. Ni mwaka na nusu."

Bi Kilo alirudi nyumbani polepole. Mwaka na nusu! Njiani alijaribu kuukata uwe mwaka, hata miezi minane, asikie unavyotamkika. Alimkuta binti yake akishona vifungo kwa mkono karibu na dirisha.

"Mtambo umepita," alisema. "Lakini ni mwaka na nusu. Nikikwambia pungufu nitakuwa nimekudanganya."

Binti alikata uzi kwa meno.

"Diwani angesema miezi sita, ningefunga mizigo leo," alisema. "Ukisema wewe mwaka na nusu, basi ni mwaka na nusu. Huo naweza kuungoja."

Bi Kilo alikaa kitini na kulia kwa furaha, bila kujificha, hadi binti akamwomba ahamie upande wa pili asimlowanishie nguo ya mteja.